Mazungumzo Kuhusu Picha za Pasipoti na Kubadilisha Pasipoti kwa Wasafiri Wanaopitia Mpaka wa Tunduma

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba ambao husafiri kwa njia ya barabara kwenda Zambia na nchi zilizo kusini yake.



Mtu wa Visiwani anapotajiwa pasipoti, fikra zake huenda uwanja wa ndege. Lakini wapo wengi ambao hawapandi ndege. Hupanda boti hadi Dar es Salaam, wakalala usiku mmoja kwa jamaa, na alfajiri wakapanda basi la kwenda Tunduma. Safari hiyo ina zaidi ya kilomita 900. Hupita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, ikapanda milima na kushuka, mpaka msafiri aliyezoea joto la pwani akatafuta koti. Huko mwisho wa barabara ndiko aliko afisa wa kwanza atakayeifungua pasipoti yake na kuisoma. Ikiwa ina kasoro, kasoro hiyo hugunduliwa mbali sana na nyumbani.

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa, katika Wilaya ya Mbozi. Upande wa pili wa mpaka ni mji wa Nakonde, nchini Zambia. Barabara kuu inayoiunganisha Tanzania na Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, huvuka mpaka hapo hapo. Malori yenye shaba na makontena hupanga foleni ndefu, na kati ya malori hayo hupita watu wa kila namna: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa, na wazazi wanaokwenda kuwatazama watoto wao walioolewa ng'ambo.

Mpaka wenyewe una uhusiano na visiwa hivi ambao si wengi wanaoukumbuka. Tarehe 1 Julai, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kila mwanafunzi wa skuli hapa hufundishwa, kwani ndio uliokubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland. Mkataba huo huo ndio ulioeleza mstari wa mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga, ambao ndio wenyeji wa sehemu hiyo, walijikuta wengine wako chini ya Wajerumani na wengine chini ya Waingereza, bila ya yeyote kuulizwa. Hadi hivi leo jamaa wa ukoo mmoja wanaishi Tunduma na Nakonde, wanazikana na kuozeshana, na sokoni lugha zao ni zile zile.

Kwa sababu hiyo mgeni akifika Tunduma huweza kudanganyika kwa macho. Huona watu wakivuka na vikapu vya nyanya kana kwamba wanavuka mtaa, akadhani na yeye anaweza kufanya hivyo. Mazoea ya wenyeji si kibali cha mgeni. Mwenyeji anayekwenda sokoni na kurudi jioni hamalizi safari yake Nakonde kama msafiri wa mbali. Huyu wa mbali anakwenda Lusaka, na pengine zaidi ya hapo, na kila kizuizi njiani ataulizwa ni wapi ulipogongwa muhuri wa kuingia. Wapo vijana wanaowapitisha watu kwa njia za panya kwa malipo madogo. Wanachokiuza si safari. Wanachokiuza ni kosa kwa mujibu wa sheria za uhamiaji za nchi zote mbili, na anayekamatwa nalo ni aliyelipa, kwani kijana huyo wakati huo ameshaondoka.

Tarehe 5 Oktoba, 2019 Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walikizindua rasmi Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde. Madhumuni ya kituo hicho ni kwamba msafiri asisimame mara mbili. Anayetoka Tanzania hukutana na maofisa wa Tanzania na wa Zambia katika jengo moja lililo upande wa Nakonde, na anayeingia Tanzania hukutana nao upande wa Tunduma. Utaratibu huu umepunguza muda wa kusubiri. Hata hivyo una jambo moja ambalo msafiri wa mara ya kwanza halijui: anapoambiwa kuwa pasipoti yake haifai huwa ameshaupita mstari wa mpaka, mizigo yake ipo upande wa pili, na basi lililomleta haliwezi kumsubiri.

Uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa vitambaa anayetoka Darajani. Pasipoti yake imebakiwa na miezi miwili. Ameitazama, akaona tarehe haijafika, akaridhika. Nchi nyingi, Zambia ikiwa miongoni mwao, hutaka pasipoti iwe na uhai usiopungua miezi sita. Kwa afisa wa kigeni, pasipoti ya miezi miwili ni kama imekwisha. Mfanyabiashara huyu atarudishwa. Atalipa nyumba ya wageni Tunduma, atatafuta mahali pa kuihifadhi mizigo, atalipa nauli ya kurudi na nauli ya boti, na aliyekubaliana naye Lusaka atauziwa na mwengine. Hasara yote hiyo imetokana na kutoisoma tarehe moja ipasavyo. Kwa mama anayekwenda kumuuguza mwanawe hasara haihesabiki kwa fedha.

Inafaa ieleweke pasipoti ni kitu gani. Kwa mujibu wa Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria Namba 20 ya mwaka 2002, pasipoti ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na mwananchi amekabidhiwa aitumie na kuitunza. Haiuzwi, haiwekwi rehani, wala haiazimwi. Uraia na uhamiaji ni katika mambo ya Muungano tangu mwaka 1964, kwa hivyo pasipoti inayotolewa Unguja, Pemba, Dodoma au Songwe ni moja, na ina nguvu sawa.

Pasipoti za Tanzania zipo za aina tatu, na hutambulikana kwa rangi. Ya kawaida ni ya buluu, ya kiutumishi ni ya kijani na ya kidiplomasia ni nyekundu. Mtumishi wa Serikali aliyepewa pasipoti ya kiutumishi aelewe kuwa imetolewa kwa ajili ya kazi. Akienda kumtembelea ndugu yake Ndola wakati wa likizo, hiyo ni safari yake binafsi, na inataka pasipoti yake binafsi. Baadhi ya watumishi hawana ya kawaida kabisa kwa kutegemea ile ya kijani, na siku wakistaafu au wakihamishwa kazi hujikuta hawana kitu mkononi.

Neno linalotumika sana hapa ni "kuongeza muda" wa pasipoti. Neno hilo limebaki kutoka zama za vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo afisa aliweza kuvigonga muhuri na kuandika tarehe mpya. Utaratibu huo haupo tena. Pasipoti ikimaliza muda wake haiongezwi. Mwenyewe huomba nyengine, yenye namba nyengine, na hupigwa picha upya kwa sababu uso wa miaka kumi iliyopita si uso wa leo.

Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilizinduliwa na Wakuu wa Nchi za Jumuiya mjini Arusha tarehe 2 Machi, 2016, na Tanzania ikaanza kuitoa tarehe 31 Januari, 2018. Zile za zamani ziliachiwa miaka miwili, na matumizi yake yakakoma mwishoni mwa Januari, 2020. Wapo waliochelewa wakati ule, wakaja kukimbilia siku za mwisho na kukuta milolongo. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki hudumu miaka 10. Aliyepata yake katika miezi ya mwanzo ya 2018 itammalizikia mwanzoni mwa 2028, na kwa kuwa miezi sita ya mwisho haina faida kwa msafiri, kwa hakika itammalizikia katikati ya mwaka 2027. Walioipata wakati mmoja watafikia ukomo wakati mmoja. Ni busara mwananchi aitoe sandukuni leo, aisome, na aandike tarehe ya kuibadilisha ukutani penye kalenda.

Sasa juu ya picha, ambayo wengi huiona ni jambo dogo, na ndiyo inayorudisha maombi mengi.

Zamani pasi za kusafiria hazikuwa na picha. Ziliandikwa tu maelezo ya sura: kimo, rangi ya macho, pua, alama za usoni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jasusi wa Kijerumani aitwaye Carl Hans Lody aliingia Uingereza kwa pasi ya Mmarekani, pasi ya kweli yenye jina la mtu mwengine. Hakukuwa na picha ya kumkadhibisha. Alikamatwa kwa sababu nyengine na kuuawa London mwezi wa Novemba mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha Serikali ya Marekani ikaamuru picha zibandikwe kwenye pasi zake. Nchi nyengine zikafuata. Kwa hivyo tokea mwanzo picha haikuwekwa kwa ajili ya pambo. Imewekwa ili mtu asiyekujua, ambaye hajui hata lugha yako, aweze kusema kwa yakini kuwa wewe ndiye.

Watu wa Zanzibar si wageni wa picha. Mji Mkongwe ulikuwa na wapiga picha tangu karne ya kumi na tisa, na Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, iliwapiga picha Masultani, maarusi na watoto wa skuli. Mtu alivaa nguo nzuri, akakaa kitini, akaambiwa atazame kamera na apumue taratibu. Adabu ile ya studio inafaa kurudishwa kwa ajili ya pasipoti, isipokuwa tabasamu, ambalo liachwe nyumbani.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo ndilo linaloweka viwango vya pasipoti duniani, linataka picha iwe ya karibuni, isiyozidi miezi sita. Uso uchukue sehemu kubwa ya picha, kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya urefu wake. Macho yawe wazi na yatazame mbele, mdomo ufumbwe, na kusiwe na kivuli usoni wala nyuma ya kichwa. Miwani yenye kumetameta huficha macho, na aliye na miwani ni salama kwake kuivua. Kwa pasipoti ya kawaida ya Tanzania pazia la nyuma liwe la rangi ya buluu hafifu. Picha za maombi ya viza za nchi nyingi, kinyume chake, hutakiwa ziwe na pazia jeupe. Kwa hivyo aliyechapishiwa picha kumi na mbili za buluu asidhani amemaliza haja zake zote.

Mashine za mipakani hivi sasa hupima uso: umbali baina ya jicho na jicho, mahali pua ilipo, umbo la kidevu. Ndani ya jalada la pasipoti ya kielektroniki mna kijisahani kidogo chenye kumbukumbu ya picha hiyo hiyo. Picha ikiwa imetengenezwa, kumbukumbu nayo imetengenezwa, na mtu aliyesimama dirishani hafanani na kumbukumbu yake.

Hapa ndipo penye udhia mkubwa. Katika miji mingi, Tunduma ikiwemo, wapo wapiga picha za papo kwa papo. Wana kamera, kompyuta, mashine ya kuchapisha na kipande cha kitambaa cha buluu ambacho kijana hukishika kwa mikono miwili nyuma ya mteja. Kazi yao ni halali na huwasaidia wengi. Lakini baadhi yao hutaka kumpendeza mteja. Humvalisha koti na tai kwa kompyuta, mtu aliyekuja na fulana akatoka kama mkurugenzi. Humsafisha chunusi, humwondoa kovu, na wengine humpausha rangi ya ngozi mpaka mama yake asimtambue. Mteja hufurahi. Afisa wa Uhamiaji hafurahi, na ana haki ya kuikataa. Kovu la usoni ni shahidi wa mwenyewe. Likiondolewa pichani, mwenye nalo atalazimika kulieleza mpakani.

Tatizo jengine ni mwanga. Mpiga picha asiyeelewa kazi humsimamisha mteja juani saa saba mchana, jua likamwangukia utosini, macho yakawa mashimo mawili meusi. Mwengine hupiga ndani ya kibanda kwa taa moja ya ubavuni, nusu ya uso ikang'aa na nusu ikapotea. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kosa hili ni zito zaidi, kwani kamera iliyopimwa kwa pazia lenye mwanga mkali huufanya uso wote uwe kivuli. Dawa yake si kuipausha picha baadaye. Dawa yake ni kumsogeza mtu mahali penye mwanga mpana na laini, kama vile barazani asubuhi, na kuupima mwanga wa uso. Mteja anayo haki ya kuiangalia picha kabla ya kulipa, na kuomba irudiwe.

Kina mama wengi huuliza juu ya ushungi. Kufunika nywele kwa ajili ya dini hakukatazwi. Kinachotakiwa ni uso uonekane wote, kuanzia kidevuni hadi juu ya paji la uso, na mbavu zote mbili za uso, bila ya kitambaa kutia kivuli. Ushungi wa rangi ya buluu haufai kwani huchanganyika na pazia, na mweupe sana huvuta mwanga; wa rangi iliyokoza ni bora. Anayevaa nikabu atalazimika kuufunua uso kwa ajili ya picha, na inafaa aombe tangu mapema ahudumiwe na afisa mwanamke. Kwa wanaume kofia ivuliwe. Msafiri anayepigwa picha katika baridi ya nyanda za juu za Songwe mwezi wa Juni au Julai avue pia kofia ya sufu na skafu shingoni, hata kama anatetemeka. Ni dakika moja tu.

Picha ya mtoto mchanga ina mashaka yake. Mtoto halei amri. Njia nyepesi ni kumlaza juu ya shuka isiyo na maua na kumpiga kutoka juu akiwa macho, mkono wa mama usionekane. Mzazi asingoje wiki ya safari.

Baada ya picha huja alama za vidole, ambazo huchukuliwa afisini. Mkulima wa mwani wa Paje, msokota kamba za makumbi, mpasua mawe na fundi wa saruji mara nyingi vidole vyao vimelika, na mashine haisomi kitu. Wengine hurudishwa mara tatu wakadhani wanaonewa. Mtu wa kazi kama hizo apumzishe mikono yake siku chache kabla ya kwenda, aioshe vizuri na kuipaka mafuta kila usiku. Ushauri huu huonekana wa kitoto, lakini umewasaidia watu.

Sababu kubwa ya kucheleweshwa maombi, hata hivyo, si picha wala vidole. Ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, kitambulisho kikaandikwa Hamisi, na cheti cha skuli Khamisi. Babu ameandikwa mahali pamoja na mahali pengine hakuandikwa. Mwanamke aliyeitwa Mwanajuma kwa neno moja amekuwa Mwana Juma kwa mawili. Kwa jirani zake huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu. Marekebisho yake yapo, kwa hati ya kiapo na kwa kuwaona wasajili wa vyeti na vitambulisho, lakini huchukua muda, na asiyeyaanza mapema ndiye anayekwenda kuwalaumu maofisa. Mwananchi akae na karatasi zake zote mezani, azisome herufi kwa herufi, kabla hajajaza fomu.

Maombi hujazwa kwa njia ya mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hupewa namba ya malipo, hulipa benki au kwa simu, huichapisha fomu na kwenda nayo afisini pamoja na vielelezo vyake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au namba yake, uthibitisho wa uraia wa mzazi pale unapotakiwa, na maelezo ya safari. Anayebadilisha huongeza pasipoti yake ya zamani. Ikiwa ndani ya hiyo ya zamani mna viza ambayo bado ina muda, aseme mapema ili aelezwe namna ya kuzichukua zote mbili safarini. Ada ya pasipoti ya kawaida ilipoanzishwa ya kielektroniki mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000. Mwombaji athibitishe afisini kiwango kinachotozwa siku hiyo. Fedha zote hulipwa kwa namba ya malipo. Hapana shilingi hata moja inayolipwa mkononi, na yeyote anayesimama mlangoni akisema kuwa anajuana na watu wa ndani anauza kitu ambacho si chake. Vishoka wa aina hii wameshawapoteza watu fedha na vyeti vya asili, na cheti cha asili kilichopotea mikononi mwa kishoka hakina wa kudaiwa.

Yapo mambo ya dharura. Msafiri ameibiwa mkoba katika kituo cha mabasi cha Tunduma, pasipoti imo ndani. La kwanza ni kwenda Polisi hapo hapo na kupata taarifa ya upotevu, kabla ya kupiga simu nyumbani na kabla ya kuanza kumtafuta mwizi. La pili ni kuripoti Uhamiaji, ili pasipoti ile ifutwe na isije ikatumiwa na mtu mwengine kwa jina lake. Mwenye kunakili ukurasa wa picha na kumwachia mtu nyumbani, au kuuhifadhi katika simu, hurahisishiwa kazi kwa kiasi kikubwa. Aliyeibiwa akiwa ameshafika Zambia aende Ubalozi wa Tanzania mjini Lusaka.

Ipo pia Hati ya Dharura ya Kusafiria, ambayo hutolewa kwa mwananchi mwenye haja ya haraka ya kwenda nchi za jirani. Ni msaada mkubwa kwa aliyefikiwa na habari ya msiba. Lakini hati hiyo ina muda wake na mipaka yake, haikubaliki kila mahali, na mwenye nia ya kuendelea kusini zaidi ya Zambia asiitegemee. Mfanyabiashara anayevuka kila mwezi kwa hati za dharura hutumia fedha nyingi na muda mwingi kuliko angeomba pasipoti mara moja.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa ruhusa ya kusafiri nje ya nchi huombwa kwa maandishi kupitia wakuu wao wa kazi. Kuwa na pasipoti hakumaanishi kuwa na ruhusa. Aidha, wakuu wa taasisi wanaowatuma watumishi mikutanoni Lusaka au Lilongwe wazikague pasipoti zao wiki ile wanapopokea barua ya mwaliko, si wiki ile ya safari. Imeshatokea zaidi ya mara moja taasisi kulipa nauli na ada ya mkutano, na mtumishi akabaki nyumbani.

Siku ya kuichukua pasipoti mpya mwenyewe asiondoke dirishani kabla ya kuifungua. Asome jina lake, la baba na la babu, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jinsia, na tarehe ya mwisho. Aitazame picha. Kosa likionekana pale pale, afisa hulipokea na kulishughulikia. Likionekana Nakonde, hapana anayeweza kulirekebisha. Kisha atie saini mahali panapohusika kwa kalamu ya wino, aifunge ndani ya mfuko usiopenya maji, kwani bahari ya Zanzibar na mvua za Songwe hazina huruma kwa karatasi, na asiikunje wala kuitoboa, kwa sababu ya kile kijisahani kilichomo ndani ya jalada.